Likizo ziwani na ufuoni: jihadhari na mbwa, maji na mbu

Shule zinapofungwa, wakazi wengi wa Mau Narok huanza kupanga safari. Familia hukodi matatu au huomba nafasi katika pikapu ya jirani, sufuria za chakula na mitungi ya maji ikapakiwa nyuma, na watu wakateremka kupitia Njoro hadi Nakuru. Wengine huishia katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Wengine huendelea hadi Naivasha, Bogoria au Baringo, na walio na uwezo zaidi hupanda basi la usiku kwenda Mombasa, Diani au Malindi kuiona bahari. Vijana wanaobaki nyumbani huwaita mbwa wao na kutembea nao kandokando ya mashamba ya ngano na viazi, au kwenye vijia vya msituni.

Matembezi haya ni jambo jema na nisingependa msomaji yeyote ayaache. Hata hivyo, kila likizo inapokwisha, sisi tunaofanya kazi katika vyumba vya matibabu huwapokea watu walioumia au kuugua kwa sababu ya safari hizo. Wengi wao wangalikuwa wazima lau wangalijua mambo machache tu kabla ya kuondoka. Makala haya yanaeleza mambo hayo.

Faida ya kutembea

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo, ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba, kunatosha. Watoto wa umri wa kwenda shule wanahitaji dakika 60 kila siku. Mazoezi ya namna hii hupunguza shinikizo la damu, husaidia mwili kuitumia sukari ipasavyo, huimarisha moyo na humpa mtu usingizi mzuri.

Mkulima anayechimba viazi kutwa nzima hana haja ya kuambiwa atembee. Anachohitaji yeye ni siku ya kupumzika. Lakini mwalimu, mwenye duka, karani na dereva hukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, na hawa ndio tunaowapata na shinikizo la damu na kisukari wakiwa na umri wa miaka 40 tu. Kwao, kutembea na mbwa nusu saa jioni kwa siku tano za wiki kunatimiza dakika zote 150.

Ikiwa una ugonjwa wa moyo au pumu, zungumza na daktari wako kabla ya kujaribu kupanda milima. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi. Mgeni wako anayetoka Pwani asilazimishwe kupanda kilima siku ile ile anapofika. Mpe siku moja au mbili mwili wake uzoee.

Mbwa haruhusiwi kila mahali

Watu kadhaa wameniuliza kama wanaweza kwenda na mbwa wao Ziwa Nakuru. Jibu ni la. Mbuga za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori (KWS) haziruhusu mbwa wa nyumbani, na sheria hiyo ina msingi wa kiafya. Mnamo mwaka wa 1994, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua karibu thuluthi moja ya simba waliokuwa huko, kisha ukafika hadi Maasai Mara. Wanasayansi waliuhusisha na mbwa wa vijiji vilivyo jirani na mbuga. Katika misitu na sehemu nyinginezo za matembezi, muulize kwanza msimamizi aliye langoni, na umfunge mbwa kamba wakati wote.

Mahali popote unapokwenda naye, swali la kwanza ni hili: je, mbwa wako amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Chanjo ya kwanza hutolewa anapofikisha umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Mweke cheti chake pamoja na karatasi zako nyingine muhimu. Wataalamu wamegundua kwamba mbwa saba kati ya kila kumi katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hivyo, unapompeleka mbwa wako kwa daktari wa mifugo, unamkinga pia mtoto wa jirani.

Kichaa cha mbwa bado kinaua

WHO hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa barani Asia na Afrika. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Mnamo mwaka wa 2014, Kenya ilianzisha mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka wa 2030.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate. Mbwa anapouma, virusi huingia kwenye kidonda, vikafuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Inaweza kuwa fupi zaidi ikiwa jeraha liko usoni, shingoni au mikononi, na pengine huzidi mwaka mmoja. Muda huo ndio nafasi tuliyo nayo ya kumwokoa mtu. Dalili zikishaanza, yaani kuwashwa mahali palipoumwa, homa, kuhangaika, koo kukaza na mtu kuogopa maji, sisi madaktari hatuna la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso. Karibu kila anayefika hapo hufa.

Mara nyingi mzazi huniambia, "Daktari, ni mkwaruzo tu, na kimbwa chenyewe kilikuwa kidogo." Mkwaruzo unatosha. Mbwa mdogo pia anaweza kuambukiza. Hata mbwa akilamba ngozi iliyochubuka, hatari ipo. Vivyo hivyo kwa mbweha, paka, na nyani wanaonyang'anya watu chakula mbugani.

Ukiumwa au mtoto wako akiumwa, fanya hivi:

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine maji kutoka mtungini huku mwingine akiosha. Sabuni huviua virusi vingi kabla havijaingia kwenye mishipa.

Pili, usipake mafuta ya taa, majivu, ugoro wala dawa ya miti, na usifunge jiwe jeusi ukitumaini kwamba litafyonza sumu. Vitu hivi havifikii virusi, na hukupotezea siku ambazo hutazipata tena.

Tatu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kabla ya kukodi gari, pigia simu kituo cha afya kilicho karibu uulize kama wana chanjo, na kama hawana wakuelekeze ilipo. Utadungwa sindano kadhaa kwa tarehe utakazopewa. Hazidungwi tumboni kama zamani, bali begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Jeraha likiwa limetoa damu, huenda ukapewa pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda chenyewe. Usikose hata tarehe moja kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda hupona huku virusi vikiendelea na safari yake.

Nne, ikiwa mbwa anajulikana na yuko hai, afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi, na daktari wa mifugo apewe habari. Akibaki mzima baada ya siku hizo, daktari wako anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku kumi ziishe ndipo uanze matibabu. Aidha, watu wasikimbilie kumuua mbwa huyo na kumzika, kwani watakuwa wamezika ushahidi.

Na kama umechelewa, siku kumi au hata mwezi umepita tangu uumwe, usiseme basi. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado inafaa. Nenda leo.

Minyoo ya mbwa na maini ya kondoo

Kuna ugonjwa mwingine ambao wafugaji wa huku juu na majirani zetu wa upande wa Narok wanapaswa kuujua. Mbwa anapokula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji, hupata tegu mdogo sana tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Mtoto humkumbatia mbwa, kisha hula bila kunawa mikono. Ndani ya mwili wa mtoto, mayai hayo hugeuka kuwa vifuko vya maji katika ini au mapafu, vinavyokua polepole kwa miaka mingi. Mtu hujikuta tumbo limevimba akiwa mzima, na huenda akahitaji upasuaji.

Ugonjwa huu umewasumbua sana Waturkana na Wamaasai. Huko Turkana, shirika la AMREF lilianza kupambana nao katika miaka ya 1980. Kinga yake ni rahisi. Mnyama anapochinjwa, sehemu zenye vifuko zichomwe au zizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mpe mbwa dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Na kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

Maji si ya kuchezewa

Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huanzia huku kwetu katika safu za Mau na kuishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Kwa hivyo chochote tunachokitupa mtoni huku juu hukaa huko chini. Njiani ng'ombe hunywa, watu hufua, na mvua huosha uchafu wa vijiji ukaingia majini. Mtoto anayeteka maji ya mtoni kwa kiganja na kuyanywa akiwa matembezini anaweza kurudi nyumbani na homa ya matumbo au kuhara. Beba maji yaliyochemshwa.

Ziwa Nakuru lenyewe si la kuogelea. Maji yake ni ya magadi, na kingo zake ni makao ya nyati na viboko. Naivasha na Baringo yana maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lakini viboko wapo katika yote mawili, na Baringo ina mamba pia. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi. Ukisimama kati yake na maji, atakuvamia. Tena, tangu mwaka wa 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, yakafunika nyumba, vyoo, nyaya za ua na miti. Mtu anayejitosa mahali asipopajua anaweza kunaswa au kuchomwa na vitu asivyoviona, mbali na uchafu wa vyoo hivyo. Huko Bogoria, chemchemi za maji moto hukaribia kuchemka, na udongo ulio kandokando yake ni mwembamba na huweza kutitia. Mshike mtoto mkono mnapozitazama.

Lakini si lazima mtu asafiri ndipo afe maji. Mabwawa ya kunyunyizia mashamba, hasa yale yaliyotandikwa karatasi za plastiki, yana kingo zinazoteleza, na hata mtu mzima hushindwa kutoka. Silanga la namna hii lizungushiwe ua, na kamba yenye mafundo ifungwe kwenye nguzo na kuning'inizwa hadi majini. WHO ilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema. Hunyamaza na kwenda chini. Kwa sababu hiyo, mtoto asiyejua kuogelea awe mahali unapoweza kumfikia kwa mkono wako, na mwenye zamu ya kumtazama asinywe pombe wala asishike simu.

Watu wa huku juu hawaijui tabia ya bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakigeuka kila baada ya saa sita hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3. Mgeni hutembea mbali hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, na anapogeuka hukuta njia imefunikwa. Waulize wavuvi saa za maji kabla ya kuingia, usiogelee karibu na mlango wa mwamba ambapo mkondo una nguvu, na vaa viatu vya plastiki ili usikanyage miiba na mawe makali.

Mtu akizama, usijitupe majini kama hukufunzwa kuokoa. Mrushie kamba, ubao, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko aushike. Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Mlaze chali. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua na umpulizie pumzi mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, halafu pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kuacha hadi msaada ufike au apumue. Hata akizinduka, apelekwe hospitalini, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Makorongo na mvua ya mbali

Katika Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea ndani ya korongo mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2019. Maji huja kutokana na mvua inayonyesha mbali, huku mahali ulipo pakiwa na jua. Msimu wa mvua usiingie korongoni. Ukiona wingu zito upande wa milimani au mlinzi akikuambia urudi, rudi bila kubishana naye.

Homa baada ya safari

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Huku Mau Narok malaria ni nadra kwa sababu baridi humzuia kimelea kukomaa ndani ya mbu. Hii ni baraka, lakini ina upande wa pili. Mtu aliyekulia Kilifi au Kisumu ameumwa na mbu mara nyingi, na mwili wake umejenga kinga ya kiasi fulani. Wewe na watoto wako hamna kinga hiyo. Mbu mmoja wa Pwani, wa ziwa Viktoria au wa Baringo anatosha kukuletea malaria kali.

Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa ikiwa una mtoto mdogo au mke wako ni mjamzito. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, vaa mikono mirefu magharibi ikiingia, na jipake dawa ya kufukuza mbu. Huko Baringo, usiketi kwenye vichuguu vya mchwa jioni, kwani humo hujificha usubi anayeeneza kala-azar.

Vimelea vya malaria huhitaji kwa kawaida siku saba au zaidi kabla ya kuleta homa. Hii ina maana kwamba utaugua ukiwa umesharudi kwenye baridi, na kila mtu atasema ni mafua. Kwa hivyo, ukipata homa, kuumwa kichwa au kutapika ndani ya miezi mitatu baada ya safari, mwambie muuguzi au daktari maneno haya mwanzoni kabisa: "Nilikuwa Pwani," au popote ulipokuwa, na uombe damu ipimwe siku hiyo. Usinunue vidonge vya kutuliza homa na kungoja. Malaria ya mtu asiye na kinga inaweza kumfikisha kwenye degedege au kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili, ilhali ikigunduliwa mapema dawa mseto ya artemetha na lumefantrini huitibu kwa siku tatu.

Kabla ya gari kuondoka

Hakikisha mna maji yaliyochemshwa, sabuni ya kipande, bendeji, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia kukauka mwili, kofia za jua, chandarua ikiwa mtalala huko, na dawa za kila siku za mgonjwa wa kisukari, pumu au shinikizo la damu. Andika namba ya simu ya hospitali iliyo karibu na mnakokwenda, na pia namba za dharura 999 na 112. Mbwa akibaki nyumbani, mwachie jirani maji na chakula chake, pamoja na cheti cha chanjo.

Ikiwa cheti hicho hukipati, au tarehe yake imepita mwaka mmoja, safari ya kwanza ya likizo hii iwe kwa daktari wa mifugo. Ziwa litangoja hadi Jumapili ijayo.